Figo Yenye Kasoro Kidogo: Nani Aamue?

(Haya ni maneno ya muuguzi wa wagonjwa wa figo katika kikao cha wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu upandikizaji wa viungo. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)

  

Nitasema kwa Kiswahili chepesi. Nikiteleza nikatumia maneno ya hospitali bila kueleza, nikatizeni.

Niliombwa nizungumzie upandikizaji wa figo kwa jumla. Nimeonelea nizungumzie swali moja tu, kwa sababu ndilo ninaloulizwa kwenye korido na si ndani ya chumba cha daktari. Mtu hunivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, kaka yangu amekubali kunipa figo, lakini ana presha. Itakuwaje?" Mwingine husema: "Mama ndiye amejitolea, na ana miaka 62." Mwingine hunyamaza kwanza, akatazama huku na huku, kisha akasema: "Dada yangu anatumia dawa za virusi. Je, hata tusimtaje?"

Yote hayo ni swali moja. Figo ambayo si kamilifu ichukuliwe au iachwe? Na mwenye kuamua ni nani?

Kwanza tumkumbuke anayeuliza. Mtu ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku mbili kwa wiki, takriban saa nne kila siku anapokuja. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Mashine inapewa saa 8. Katika zile 160 zilizobaki, maji na uchafu hujikusanya mwilini. Ndiyo maana mgonjwa hupimiwa hata maji ya kunywa, na hukatazwa au kupunguziwa ndizi, viazi na parachichi. Wenzangu wa Kiambu, mnajua adhabu ya kumnyima mtu viazi na parachichi. SHA ilipochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024 iliendelea kulipia huduma ya mashine, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hakuna bima inayolipia nauli ya kwenda na kurudi, wala siku mbili za kazi zinazopotea kila wiki. Fundi wa jua kali anaweza kujipangia siku zake. Anayefanya kazi ya zamu kiwandani anaambiwa achague.

Mtu wa namna hii akiambiwa kwamba figo ya kaka yake ina kasoro, hailinganishi na figo kamilifu, kwa kuwa hiyo kamilifu haipo. Anailinganisha na kile kiti cha mashine. Naomba mkumbuke jambo hili mpaka mwisho, kwa sababu madaktari nao huanzia hapo. Figo ya mtu hai, mambo yakienda vizuri, hufanya kazi kwa wastani wa miaka 15 hadi 20. Hata ile iliyochoka kidogo, ikimpa mtu miaka kumi bila mashine, imempa mengi.

Sasa tuje kwenye kupandikiza. Hapa Ruiru neno hilo halihitaji kamusi. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa hapa, na ile Ruiru 11 waliyopewa wakulima mwaka wa 1985 imebeba jina la mji wetu. Wengi wenu mmeona kichipukizi cha Ruiru 11 kikiunganishwa na shina la SL28, mkafunga nailoni, mkangojea. Na mnajua kwamba fundi hukikagua kichipukizi kabla ya kukikata. Chenye ugonjwa hakibebi.

Tofauti ni hii. Mti wa kahawa ukishashikana na kichipukizi hauna ugomvi nacho tena. Mwili wa binadamu haukubali kirahisi hivyo. Unautambua ugeni, na kinga yake huivamia figo mpya kana kwamba ni kijidudu. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa za kushusha kinga kila siku, kwa muda wote figo ile itakapokuwa ndani yake. Dawa hizo zinailinda figo, lakini pia zinaacha mlango wazi. Kifua kikuu kilichokuwa kimelala ndani ya kaka mtu kwa miaka 20 bila hata kikohozi kinaweza kuamka ndani ya mpokeaji. Malaria ya ndugu aliyekuja juzi kutoka Busia, na hata yeye hajaanza kuhisi homa, inaweza kusafiri na figo. Ndiyo sababu mtoaji huulizwa maswali mengi yanayoonekana ya udaku: ulisafiri wapi, ulilala na nani, uliwahi kujidunga sindano, uliwahi kuongezwa damu. Hatuulizi ili tuhukumu.

Madaktari wanaposema "mtoaji mwenye hatari zaidi" huwa wanataja mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kwamba figo yenyewe imechoka, labda kwa umri au presha. La pili ni kwamba figo ni nzima kabisa lakini huenda ikaja na ugonjwa. Haya mawili hayapimwi kwa kipimo kimoja.

Nianze na hili la pili, maana ndilo linalotisha.

Mwaka wa 2007 kule Chicago, Marekani, wagonjwa wanne walipewa viungo vya mtu mmoja aliyefariki. Alikuwa amepimwa, na majibu yalionyesha yuko salama. Baadaye wote wanne wakaonekana wana HIV pamoja na homa ya ini aina ya C. Ilikuwaje? Vipimo vilivyotumika vilitafuta askari ambao mwili hutengeneza baada ya kuambukizwa, na askari hao huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Muda huo ndio tunaouita kipindi cha dirisha. Mtu ana virusi, lakini kipimo hakivioni. Leo kuna vipimo vinavyotafuta kirusi chenyewe, na kwa HIV dirisha limepungua hadi kama siku kumi hivi. Limepungua. Halijafungwa.

Lakini kilichoniuma katika kisa kile si kipimo. Hospitali zilijua kwamba marehemu aliwekwa katika kundi la watoaji wenye hatari zaidi. Mmoja wa wapokeaji alikwenda mahakamani akisema yeye hakuambiwa. Huenda angeambiwa angekubali vilevile, kwa sababu hatari ilikuwa ndogo na mashine alikuwa anaijua. Hatutajua kamwe, maana hakuulizwa.

Sasa sikilizeni kisa cha pili, kutoka Afrika hii yetu. Nitakieleza kwa kirefu kidogo.

Mwaka wa 2008, madaktari wa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, wakiongozwa na Dkt. Elmi Muller, walianza kuchukua figo za watu waliofariki wakiwa na HIV na kuwapandikizia wagonjwa ambao nao walikuwa na HIV. Wengi walishtuka. Lakini tazameni hali ilivyokuwa. Nafasi za mashine katika hospitali za umma zilikuwa chache, na mwenye HIV aliwekwa nyuma kabisa ya foleni. Wakati huohuo figo nzima za watu waliokufa ajalini zilizikwa kwa sababu ya virusi ambavyo mpokeaji tayari alikuwa navyo na tayari alikuwa anavinywia dawa. Mwaka wa 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa 27. Baada ya miaka mitano, asilimia 74 walikuwa hai. Marekani ilikuwa imeshabadilisha sheria yake mwaka wa 2013 ili jambo hilo lifanyiwe utafiti, na mwaka wa 2019 mtu anayeishi na HIV alitoa figo akiwa hai katika mji wa Baltimore.

Halafu kuna yule mama wa Johannesburg. Mtoto wake alikuwa mdogo sana na ini lake lilikuwa linakufa. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wanaongojea ini, wakangoja zaidi ya miezi mitano. Hakuna ini lililopatikana. Mama alikuwa na HIV, anatumia dawa vizuri. Mtoto hakuwa nayo. Mama akawaambia madaktari wachukue kipande cha ini lake. Wakakataa. Akaomba tena. Mwishowe madaktari wa Wits Donald Gordon wakakaa na kamati ya maadili, wakawaeleza wazazi wazi kwamba mtoto anaweza kuambukizwa virusi, na kwamba bila ini atakufa. Mtoto akaanzishiwa dawa za kuzuia virusi kabla ya upasuaji, na mwaka wa 2017 ini likapandikizwa. Habari ilipochapishwa mwaka wa 2018, mama na mtoto walikuwa wanaendelea vizuri, na madaktari hawakuweza kusema kwa uhakika kama mtoto aliambukizwa au la.

Mimi nina watoto. Nikisoma kisa kile najiuliza ningefanya nini, na kila mara jibu langu ni lile la yule mama. Lakini nakubali kwamba mzazi mwingine angeweza kujibu tofauti, na asiwe mzazi mbaya.

Kuhusu homa ya ini aina ya C nitasema kwa ufupi. Siku hizi kuna vidonge vinavyoiponya kwa wiki 12 hivi, kwa hiyo nchi zenye dawa hizo tele zimeanza kuchukua figo za wenye ugonjwa huo na kumtibu mpokeaji baada ya upasuaji. Aina ya B haina tiba ya kuiondoa kabisa, lakini ina chanjo. Watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ila sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata. Ikiwa una ugonjwa wa figo, hata kama mashine bado iko mbali, uliza chanjo hiyo sasa. Mgonjwa mwenye kinga ya kutosha anaweza kupokea figo ya mtu aliyewahi kuugua aina ya B akapona, na hivyo ndugu ambaye angekataliwa anarudi kwenye hesabu.

Na hapa Kenya je? Sheria ya HIV ya mwaka wa 2006 inataka kila anayetoa kiungo apimwe kwanza. Sheria hiyo ilitungwa kabla ya Cape Town, wakati kiungo chenye virusi kilionekana kuwa cha kutupwa tu. Kwa hiyo yule aliyeniuliza kuhusu dada yake, jibu langu kwa leo ni kwamba dada hatatoa figo hapa. Lakini mgonjwa mwenyewe akiwa na HIV, asidhani kwamba hawezi kupokea. Akitumia dawa vizuri na virusi vikiwa chini, anaweza kufikiriwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Maoni yangu, na ni yangu peke yangu, ni kwamba itafika siku sheria ile itabidi iangaliwe upya, kwa sababu dawa za leo si zile za 2006.

Sasa turudi kwenye hatari ya aina ya kwanza, figo iliyochoka. Hapa Kenya ina uzito wa pekee. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kutoa viungo vyake baada ya kufa. Anaweza kuandika katika wosia, au katika karatasi yenye sahihi yake na ya mashahidi wawili, au hata kusema kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Lakini kivitendo, karibu figo zote zinazopandikizwa nchini zinatoka kwa watu walio hai. Maana yake, tunaposema "mtoaji mwenye hatari", kuna watu wawili mezani. Mmoja anaweza kupata figo dhaifu. Mwingine atabaki na figo moja tu, na huenda hiyo nayo ni dhaifu.

Nitawapa takwimu, maana watu husikia ama kwamba kutoa figo si kitu, ama kwamba ni kifo. Marekani walifuatilia makumi ya maelfu ya watoaji. Zamani, katika watoaji 10,000, watatu hivi walikufa ndani ya siku 90 za upasuaji. Tangu mwaka wa 2013 imeshuka chini ya mmoja. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka wa 2014, ulionyesha kwamba baada ya miaka 15, katika watoaji 10,000, kama 31 figo yao iliyobaki ilikuwa imekufa, wakati katika watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa walikuwa 4. Kwa watoaji weusi ilikuwa kama 75. Wale ni Wamarekani weusi, ambao wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na si lazima hesabu yao iwe yetu. Na hata 75 katika 10,000 ni chini ya mmoja katika mia. Lakini ipo, na anayetoa lazima aijue.

Sasa nitawapa jambo ambalo huwashangaza wengi. Mfikirie mama wa miaka 62 mwenye presha kidogo, inayotulia kwa kidonge kimoja, na figo zake bado zinafanya kazi vizuri. Halafu mfikirie mwanawe wa miaka 22 mwenye presha hiyohiyo. Nani atoe? Familia nyingi zitasema kijana, ana nguvu. Daktari anaweza kusema mama. Kijana ana miaka 50 mbele yake ya kuishi na figo moja huku presha inaila. Presha ya miaka 22 ni mwanzo wa safari. Mama tumeshaiona safari yake na tumeona figo zake zimevumilia. Ni kweli figo ya mama haitadumu kama ya kijana ndani ya mpokeaji. Lakini hatari kwa mtoaji ni ndogo zaidi.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2017 unapima kazi ya figo kwa namba. Ukiwa na 90 na zaidi unakubalika, ukiwa chini ya 60 hutoi. Katikati ndipo penye mazungumzo: umri, presha, uzito, kisukari katika ukoo. Presha inayotulia kwa dawa moja au mbili, bila kuharibu moyo wala figo, haimfungii mtu mlango. Kisukari kwa kawaida humfungia. Na msichana ambaye bado anataka kuzaa aelezwe kwamba utafiti wa Kanada uliwakuta akina mama waliotoa figo wakipata presha ya ujauzito mara mbili hivi zaidi, asilimia 11 dhidi ya 5. Wengi walijifungua salama. Lakini aelezwe kabla, si kliniki ya wajawazito.

Nimefika kwenye sehemu ngumu. Sehemu ngumu haiko hospitalini. Iko sebuleni.

Baba amelala, figo zimekufa. Ukoo umekutana nyumbani, chai imepikwa, mzee mmoja anasema, "Sasa ni nani atamsaidia baba yenu?" Macho yote yanamgeukia kijana ambaye hajaoa, au yule ambaye hana kazi, kana kwamba asiye na mshahara ana figo ya ziada. Kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, harambee imeshapangwa. Katika hali hiyo kijana atasema ndiyo. Atasema ndiyo hata kama ana jambo analolijua peke yake. Pengine alipimwa HIV mwaka jana na hajamwambia mtu. Pengine aliwahi kukaa na watu wanaodungana sindano. Pengine anaogopa tu, na hofu si dhambi.

Kijana huyo akificha, tumerudi Chicago. Anaweza kuwa ndani ya lile dirisha, na kipimo kisimwone. Ulinzi pekee uliobaki ni yeye kusema ukweli, na hatasema mbele ya mzee.

Kwa hiyo sikilizeni, na hili mlifikishe nyumbani. Mtoaji huonwa peke yake. Baba hayupo, mama hayupo, mgonjwa hayupo. Majibu yake ni yake. Ile sheria ya 2006 inakataza majibu ya HIV ya mtu kutolewa bila idhini yake ya maandishi. Akituambia hataki kutoa, au tukikuta jambo, familia itaambiwa maneno matatu tu: "Hafai kuwa mtoaji." Basi. Hatutaeleza kwa nini, na naomba wazee wangu msituulize kwa nini. Kila mnapomsukuma muuguzi ataje sababu, mnamfundisha kijana anayefuata kudanganya.

Kuna mtu aliwahi kuniuliza: kama mtoaji ana haki ya siri na mpokeaji ana haki ya kujua, si zitagongana? Hazigongani. Mtoaji akiwa na jambo linaloweza kumfikia mpokeaji, ana njia mbili. Akubali mpokeaji aambiwe, au asitoe. Njia ya tatu, ya kutoa na kunyamaza, haipo.

Na hii ndiyo sababu moja ambayo watu hawaitaji wanapozungumzia ubaya wa kuuza figo. Mwaka wa 2022 Hospitali Kuu ya Kenyatta ilitangaza mtandaoni kwamba swali inaloulizwa sana ni figo inanunuliwa bei gani. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza jinsi vijana maskini walivyolipwa kidogo kwa figo zilizouzwa ghali. Sheria ya 2017 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa anayetoza pesa kwa kiungo cha mwanadamu. Hayo ya sheria mnayajua. Ninachoongeza ni cha kiuguzi. Mtu anayelipwa ili atoe figo ana kila sababu ya kuficha ugonjwa wake, na dalali ana sababu mara mbili. Hakuna mtoaji mwenye hatari zaidi kuliko yule ambaye ukweli wake utamkosesha malipo. Naye mwenyewe akirudi nyumbani na kovu ubavuni, hana kliniki ya kumfuatilia presha. Vijana mnaoonyeshwa matangazo hayo kwenye simu hapa Makongeni na Githurai, mmenisikia.

Mgonjwa ambaye daktari amemwambia kuna ndugu mwenye kasoro fulani anayeweza kutoa, aulize mambo haya hata kama daktari ana haraka. Kasoro hiyo ni ya aina gani, ya kuchoka au ya kuambukiza? Nikiikataa, ninangojea nini, na kwa muda gani? Ikija na ugonjwa, dawa yake ipo, inapatikana hapa, nani analipia? Ndugu yangu atafuatiliwa na nani baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitano? Likijibiwa kwa maneno ya juujuu, rudi siku nyingine uulize tena. Una haki ya kusema "nipe wiki mbili nifikirie", na una haki ya kusema hapana ukabaki kwenye mashine. Nimewaona waliosema hapana kwa sababu hawakutaka mama yao apasuliwe, na sikuwaona wajinga.

Mtoaji naye ana haki ya kubadilisha nia mpaka dakika ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Hata kama harambee imefanyika. Hata kama mahema yamekodiwa.

Kwa walio na mgonjwa nyumbani, mahali pa kuanzia ni kitengo cha figo pale Thika Level 5. Walio Ruiru wanaweza kuanzia hospitali yao ya Ruiru wakaandikiwa rufaa. Upasuaji wenyewe hufanyiwa kwenye hospitali kubwa iliyoidhinishwa, lakini presha, sukari, damu na mkojo vya ndugu anayetaka kutoa vinaweza kupimwa hapa karibu kwanza. Wengine watagundua siku hiyo kwamba nao wana presha. Hao watakuwa wamejisaidia wenyewe hata wasipotoa kitu.

Nimezidisha muda, Chifu ananitazama. Yule mama aliyekaa nyuma karibu na mlango aliinua mkono tangu nilipotaja chanjo ya homa ya ini. Tuanze na yeye, kisha wale vijana wa upande huu.